Bibi Titi Mohamed, Mbunge Wetu Tuliyemwangusha

Ndugu wana-Rufiji, ukurasa huu kila mwaka tunauweka kwa mtu aliyeibeba Rufiji kabla yetu. Safari hii ni Bibi Titi Mohamed, na kwake tuna deni.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Shule alisoma miaka michache tu ya msingi. Alichokuwa nacho ni sauti. Mjini alijulikana kwa kuongoza nyimbo katika kikundi cha ngoma cha Bomba, na TANU ilipoanza kutafuta wanachama, alikata kadi namba 16. Mwaka 1955 alikabidhiwa tawi la wanawake. Alivifuata vikundi vya ngoma vya akina mama, mtaa kwa mtaa, maana huko tayari palikuwa na viongozi, palikuwa na michango, na neno likisemwa jioni, asubuhi limeenea mji mzima. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiunga. Tukumbuke kwamba siku hizo watumishi wa serikali ya kikoloni walikatazwa siasa, hivyo wasomi wengi walikaa mbali. Kina mama wa ngoma hawakuwa na mshahara wa kunyang'anywa.

Baada ya Uhuru alikuwa Waziri Mdogo, na mwaka 1962 akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT. Bungeni aliketi kwa jina la Rufiji.

Kisha ukaja uchaguzi wa 1965, ule wa jembe na nyumba, wagombea wawili wa chama kimoja. Tukamwangusha. Wapo wasemao alikuwa haonekani jimboni, na wapo wasemao mwanamke alituzidi kimo. Huenda yote mawili yana ukweli. Ila tulimhukumu kwa ukali ambao wabunge wanaume waliomfuata hawakuuonja sana.

Baada ya Azimio la Arusha, 1967, alijiuzulu Kamati Kuu. Alikuwa na nyumba za kupangisha, na masharti ya uongozi yalizikataza. Oktoba 1969 alikamatwa kwa shitaka la njama ya kuipindua Serikali, akahukumiwa kifungo cha maisha. Siku zote alikana. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akarudi kwenye maisha ya kimya kwa miaka mingi; waliokuwa wakijaa uani kwake hawakuonekana tena. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000.

Dar es Salaam ina barabara yenye jina lake, na wengi wetu huipita tukielekea Mbagala kupanda basi la Ikwiriri au Utete. Mchango wa mwaka huu ni wa bweni la wasichana wa sekondari, wanaotembea mwendo mrefu msimu wa mafuriko. Kamati imependekeza liitwe Bibi Titi. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho.