Siti binti Saad

Siti binti Saad (Fumba, Unguja, 1880 - Zanzibar, 8 Julai 1950) alikuwa mwimbaji wa taarabu na mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kurekodi nyimbo katika santuri. Hakupata kwenda shule wala hakusoma nyimbo zake kwenye karatasi. Za Kiswahili, za Kiarabu na za Kihindi, zote alizihifadhi kichwani.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia maskini ya baba Mnyamwezi na mama Mzigua, akaitwa Mtumwa. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alipewa baadaye. Mama yake alikuwa mfinyanzi. Binti alijifunza kazi hiyo, akawa anatembeza vyungu na kuvinadi kwa sauti. Mchuuzi hurudia maneno yaleyale kutwa nzima, na ni katika uchuuzi huo watu walipoanza kuitambua sauti yake. Mwaka 1911 alihamia mjini.

Kujifunza kwa ghaibu

Mjini alikutana na Ali Muhsin, mwanachama wa Nadi Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905, ambaye alimfundisha kuimba. Taarabu ilikuwa imelelewa katika jumba la Sultani Barghash, ikiimbwa kwa Kiarabu na wanaume. Kwa asiyesoma njia ilikuwa moja tu: kusikiliza, kufuatisha na kurudia. Baadaye yeye na wenzake, wakiwemo Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruku na Maalim Shaaban, walikutana nyumbani kwake usiku kutunga na kufanya mazoezi.

Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba jambo tulilojifunza husahaulika upesi zaidi katika saa za mwanzo, na kwamba tukilirudia siku nyingine tunahitaji juhudi ndogo kuliko mara ya kwanza. Alitumia silabi zisizo na maana. Alipojaribu shairi la Byron, marudio yaliyohitajika yalikuwa takriban sehemu moja ya kumi tu. Msomaji wa mashairi ya Kiswahili hatashangaa: neno likimponyoka mwimbaji, kina na mizani hulidai. Kwa hiyo si haki kusema tu kwamba Siti alikuwa na kipaji. Kipaji alikuwa nacho, lakini alikifanyia kazi usiku baada ya usiku.

Santuri

Mwaka 1928 Siti na kundi lake walisafiri hadi Bombay, Uhindi, kurekodi kwa kampuni ya Gramophone, yenye nembo ya His Master's Voice. Upande mmoja wa santuri za wakati huo ulichukua dakika tatu hivi, na kosa halikuweza kukatwa na kuunganishwa kama siku hizi. Santuri hizo ziliuzwa kwa maelfu na kupigwa migahawani, wimbo uleule mara nyingi kwa siku, hata wasio na gramafoni wakauhifadhi.

Wimbo wa Kijiti

Wimbo wake unaokumbukwa sana ni Kijiti. Unahusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Mshtakiwa, Kijiti, alitorokea bara, na walioadhibiwa na mahakama ni wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu. Hukumu ya namna hiyo ingesahaulika pamoja na waliohukumiwa, kwa kuwa wanyonge hawakuwa na gazeti. Walikuwa na wimbo, nao uliimbwa arusini na majumbani miaka mingi baada ya kesi kwisha.

Baada ya kifo

Shaaban Robert, aliyezungumza naye mwishoni mwa maisha yake, aliandika Wasifu wa Siti binti Saad. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kiliita jarida lake Sauti ya Siti. Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, alizipata nyimbo zake utotoni kwa kumsikiliza, naye hakuziandika. Alikuwa bado anaiimba Kijiti uzeeni, zaidi ya miaka 50 tangu Siti afariki.