Ujana wa Tippu Tip

Muhula huu twatengeneza sinema fupi, kwa simu ya mwalimu wetu, juu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830, wa ukoo uliotoka Omani. Baba yake, Muhammed bin Juma, tajiri wa misafara, alihamia Ituru karibu na Tabora, akaoa katika ukoo wa watawala wa Unyanyembe. Alitaka mwanawe aishike biashara hiyo. Hamed alipofika naye Tabora, umri wake kama miaka 18, baba alimkabidhi mtu mwingine mali, Hamed afuate tu. Kijana akakataa, akataka kurudi pwani. Baba akamwachia mali.

Baadaye alitajirika kwa pembe na watumwa, na mwaka 1887 akawa gavana wa Stanley Falls, Kongo. Alifariki Unguja mwaka 1905.

Wenzangu walitaka tuishie kwenye utajiri huo. Mimi nilishikilia kwamba waliotekwa waonekane pia, maana nao walikuwa na baba zao. Tena wapagazi: kwa Wanyamwezi, kijana aliyefika pwani ndiye aliyehesabiwa mwanamume. Basi tutamaliza na mpagazi mmoja akimuaga baba yake.