Tippu Tip: bunduki, pembe na mizigo ya Stanley Falls

Huko Marekani na Ulaya kuna watu wanaokusanya bunduki za zamani za jeshi la Japani, zile za Arisaka. Wanazigeuza huku na huku wakitafuta ua la mfalme wa Japani lililopigwa juu ya chuma. Kisha vita kwisha 1945, nyingi zilikwanguliwa ua hilo, na ile iliyobaki nalo zima inauzwa bei kali. Kwetu Kisangani bunduki ya kale haitundikwi ukutani. Mwindaji wa porini angali anashindilia baruti ndani ya pupu yake. Lakini mji huu uliwahi kutawaliwa na mtu aliyekusanya bunduki kwa wingi, na alizikusanya juu ya kazi, si juu ya uzuri wake. Ni Hamed bin Muhammad el Murjebi, yule Tippu Tip.

Alizaliwa Unguja karibu mwaka 1837. Alipokuwa na miaka 12 alianza safari ndogo za biashara ya sandarusi, kisha akamfuata baba yake bara, upande wa Tabora. Mali hakuwa nayo. Vitambaa, shanga, baruti, vyote alikopa kwa matajiri wa Unguja, zaidi kwa Mhindi Taria Topan, na deni lilipwa kwa pembe za tembo. Mchimba almasi wa hapa Tshopo anaijua hesabu hiyo bila kufundishwa: anayekupa chakula na pampu mbele ya kazi ndiye anayekata bei ya jiwe nyuma.

Jina lake lilitoka kwa bunduki. Mwaka 1867 alipigana na Nsama, mfalme wa Itabwa, ambaye wafanyabiashara wengine walikuwa wamemshindwa. Tippu Tip mwenyewe alipigwa mishale, lakini bunduki zake zilishinda, akabeba pembe nyingi, na shaba pia. Yeye alieleza kwamba watu waliokimbia walimpa jina hilo kwa mlio wa risasi: tip, tip, tip. Wengine walisema ni juu ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Sisi tunaona la bunduki linamfaa zaidi.

Tusijidanganye juu ya bunduki zile. Nyingi zilikuwa gumegume na za fataki, unashindilia baruti mdomoni, unapiga moja, unaanza tena. Nyingi za biashara zilitengenezwa Liège, Ubelgiji. Yaani chuma kilitoka kwa Wabelgiji mbele Wabelgiji wenyewe hawajafika. Na kila bunduki iliyoingia bara ilileta watu waliofungwa: wanaume wa kubeba, wanawake wa kugawanywa. Wako wanaomsifu Tippu Tip kama shujaa aliyefungua njia. Njia ilifunguliwa, ndiyo, na Kiswahili tunachoandika hapa kilikuja kwa njia hiyo hiyo, pamoja na Wangwana wake. Waliobeba pembe hawakuulizwa.

Mwaka 1876 alikutana na Stanley upande wa Maniema. Stanley alimwonyesha bunduki ya kupiga risasi nyingi kwa mfululizo. Tippu Tip hakuamini; akamtania kwamba huko mtoni Lomami kuna upinde unaotupa mishale ishirini kwa mara moja, na kila mshale unaua mtu. Stanley akatoka nje, akapiga mfululizo, kisha akachukua bastola akapiga tena. Mchezo ulikwisha. Tangu siku ile alijua bunduki zake zimezeeka.

Hata hivyo nguvu ilikuwa bado kwake. Mwezi wa nane 1886 watu wake walishambulia kituo cha Serikali ya Léopold hapa Falls, sababu mwanamke mtumwa alikimbilia kwa Mzungu Deane. Askari wa kituo waliishiwa risasi. Deane akaponea porini, mwenzake Dubois akazama mtoni. Tippu Tip mwenyewe alikuwa safarini Unguja. Mwezi wa pili 1887 Stanley alimpata kule, wakaandikiana mkataba: awe liwali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kila mwezi, na atoe wapagazi 600 kwa safari ya kumtafuta Emin Pasha.

Hapa ndipo sisi wa sendika tunafungua macho. Wapagazi walichelewa. Tippu Tip alisema baruti aliyoahidiwa haikuja. Walipofika Yambuya mwaka 1888, karibu watu 400, alikataa wabebe mizigo ya ratili 60, akataka 40, yaani kilo 18 hivi. Wazungu walikasirika, lakini mizigo ikafunguliwa ikapunguzwa. Hatusemi aliwahurumia, alikuwa analinda mali yake. Mzigo ulipungua lakini, na mgongo haujali sababu. Mwezi wa saba, Banalia, Meja Barttelot alipigwa risasi na Sanga, mume wa mwanamke aliyekuwa akipiga ngoma asubuhi. Sanga aliletwa Falls, akahukumiwa, akauawa.

Mwaka 1890, mataifa yalitia sahihi Brussels kukataza bunduki za kisasa kuuzwa katika nchi zetu. Gumegume ziliweza kupita, kwa kuchungwa. Serikali ya Léopold ilibaki na Albini zake, za kuingizia risasi kwa nyuma. Stanley alikuwa amekwisha kumshtaki Tippu Tip Unguja, naye mwaka ule ule akaondoka hapa kwenda kujitetea, akimwachia mpwa wake Rashid. Kesi baadaye iliachwa, lakini hakurudi tena.

Vita ilianza 1892. Nyangwe na Kasongo zilianguka 1893, Chaltin akaingia Falls mwezi wa tano, Rashid akakimbia. Sefu, mtoto wa Tippu Tip, alikufa vitani mwaka ule. Pande zote mbili waliokufa zaidi walikuwa Waafrika.

Mzee alibaki Unguja na mashamba yake. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayatoa kwa herufi zetu. Ndani anahesabu pembe kwa frasila, moja moja. Alikufa kwa malaria mwezi wa sita 1905.