Deni la Shahada na Funzo la Tom Mboya

Juzi alinijia nyumbani, hapa mjini Isiolo, kijana niliyemfundisha miaka kadhaa iliyopita. Alikwenda chuo kikuu kwa mkopo na kwa bei ya mbuzi wa babake, akahitimu vyema, na sasa anaendesha bodaboda. Hakuja kunilaumu. Alikuja kutaka ushauri kuhusu dada yake mdogo, ambaye amefaulu mtihani wa kidato cha nne na kuitwa chuo kikuu. Je, naye akope?

Swali hilo lilinichoma kama mwiba, kwa kuwa mimi ndiye niliyemhakikishia kaka mtu kwamba shahada hujilipia yenyewe. Nilimwomba siku chache nifikiri. Katika siku hizo nimeyarejea maisha ya marehemu Tom Mboya, nami nimeona heri niwashirikishe walimu wenzangu na wanafunzi.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, katika shamba la mkonge la mlowezi, ambako babake, mzaliwa wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa nyapara. Alisoma katika shule za wamishonari, zikiwemo ile ya Yala na ile ya Mang'u. Alikuwa na akili za kutosha kufika mbali, lakini mfuko wa babake haukutosha, na karo ikamkatiza masomo. Hakukata tamaa. Mwaka 1948 aliingia katika mafunzo ya ukaguzi wa afya, na mwaka 1951 akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi.

Kazini alionja uchungu wa ubaguzi. Mkaguzi Mwafrika alilipwa mshahara mdogo kuliko Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Hata siku moja mama mmoja wa Kizungu aliingia ofisini, akamwona Mboya peke yake, kisha akauliza kama humo ndani mna mtu. Mboya aligeukia vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1953, akiwa kijana wa miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho lao. Mwaka 1955 alipata nafasi ya kusoma mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin, Oxford, Uingereza. Alirudi na maarifa, bila shahada. Mwaka 1957 wapiga kura wa Nairobi walimpeleka katika Baraza la Kutunga Sheria, na Desemba 1958 alikuwa mwenyekiti wa mkutano mkubwa wa Waafrika uliofanyika Accra, Ghana.

Hapa ndipo msomaji atauliza: ikiwa mtu huyu alifika huko kote bila shahada, shahada ni ya nini? Mboya mwenyewe alilijibu swali hilo kwa matendo. Aliona kwamba uhuru unakaribia na nchi haina mahandisi, madaktari wala wachumi wa kutosha, nazo nafasi za masomo ya juu katika Afrika Mashariki ni haba mno. Akavuka bahari kuwaomba Wamarekani nafasi za masomo na nauli. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata alimwendea John Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, na wakfu wa familia hiyo ukatoa dola 100,000. Kufikia mwaka 1963 mamia ya vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wamevuka kwa mpango huo. Miongoni mwa waliosafiri mwaka 1960 alikuwamo Wangari Maathai, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Wanafunzi wale hawakusoma bure. Wengi walifanya vibarua ili wajikimu. Ila gharama ya kuwapeleka haikumwangukia mmoja. Wazazi waliuza mifugo, majirani wakachanga, vijiji vikafanya karamu za kukusanya nauli, na marafiki wa ng'ambo wakajaliza. Waliporejea, nchi changa ilikuwa ikiwangoja kwa hamu. Mboya alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi alipopigwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, kabla hajatimiza miaka 39. Alizikwa Rusinga.

Sasa tulinganishe na hali yetu. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, na mkopo wake wa shahada ya kwanza umekuwa na riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Riba hiyo ni nafuu kuliko ya benki, na bila mikopo hiyo watoto wengi wa wafugaji wasingeliona lango la chuo. Shida iko kwingine. Mkopo huandikwa kwa jina la kijana mmoja, na kazi haimngoji kama ilivyowangoja wale wa 1959. Dawa ya deni ni kulipa, lakini asiye na mshahara atalipa kwa nini?

Hapa kwetu wazee wa Kiborana wana desturi iitwayo busa gonofa. Mtu akipoteza mifugo kwa ukame au kwa uvamizi, ukoo humkusanyia mingine ili asimame tena. Hakuna anayemcheka, wala haachwi apambane peke yake. Nimejiuliza kwa nini tunamchangia aliyepoteza ng'ombe, lakini kijana aliyekopa kwa ushauri wetu sote tunamwachia mzigo wake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Binti na asome. Kwanza, lakini, aichague kozi kwa kazi anayojua ipo na anayoiweza; asivutwe na jina lake la kupendeza. Pili, asikidharau chuo cha ufundi. Cheti cha ukaguzi wa afya ndicho kilichompa Mboya chakula na sauti, na kwa baadhi ya wanafunzi wetu cheti cha namna hiyo kina faida kuliko shahada isiyo na mlango. Tatu, kabla ya kutia sahihi, familia na ukoo waketi, wajue kiasi cha deni, na waafikiane nani atasaidia kulilipa iwapo kazi itachelewa.

Sisi walimu nasi tuache kuimba kwamba shahada ni ufunguo wa kila mlango. Nimeuimba wimbo huo kwa miaka mingi, na mwenye kuulipia ni yule kijana wa bodaboda. Nimemwita arudi Jumamosi, aje na dada yake pamoja na baba yao. Nitawaambia haya niliyoyaandika, na nitamwahidi kijana wangu kwamba kila mwezi, hadi apate kazi, sehemu ya deni lake itatoka katika mshahara wangu. Si nyingi. Lakini ushauri niliompa ulikuwa wangu, na deni lake si la mtu mmoja.