Fundi Konde na Gita la Stimu

Sisi vijana wa Chechelesi tukisikia gita la stimu redioni hatujiulizi ni nani aliyetangulia kulipiga huku kwetu. Fundi Konde, Mgiriama wa Pwani aliyezaliwa mwaka wa 1924, anahesabiwa miongoni mwa wa kwanza kabisa Afrika Mashariki.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa jeshini, kazi yake kuwatumbuiza askari wetu, hata kule Burma. Baada ya vita akapiga na kurekodi na Peter Colmore, Mzungu aliyekuwa na bendi Nairobi. "Tausi Ndege Wangu" ni wake.

Sasa, gita la namna hiyo bila amplifaya halisikiki hata chumba cha pili. Zama zile transista zilikuwa hazijaenea, kwa hiyo amplifaya ilitumia valvu, yaani vichupa vya glasi vinavyowaka ndani kama kaa la moto. Ukiwasha, unangoja kwanza zipate joto. Ukizidisha sauti, inakwaruza kidogo tu, kama koo la mwimbaji. Lakini ole wake afunguaye kasha! Mna volti mia tatu na zaidi, na stimu hubaki mle hata ukishazima. Inaua.

Mitindo ilipogeuka, Konde akasahaulika kwa miaka mingi, jambo la aibu kwetu. Mwaka wa 1994 nyimbo zake za 1947 hadi 1956 zilitolewa tena Uingereza, naye yu hai. Alifariki mwaka wa 2000.