Shaaban Robert: Penzi Lenye Staha

Huko Njoro na Molo, ambako vijana wengi huliacha shamba la baba wakaenda Nakuru mjini kutafuta mshahara, pana kitabu kinachofaa kusomwa tena: Utubora Mkulima. Utubora alikwenda kinyume chao. Aliacha kazi ya mjini, akashika jembe, na huko mashambani moyo wake ukatua.

Aliyekitunga, marehemu Shaaban Robert, hakuishi kwa jembe. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akasoma Dar es Salaam, na tangu 1926 akawa karani wa serikali ya kikoloni, akianzia forodhani. Mchana ulikuwa wa mwajiri; utunzi ulingoja saa zake mwenyewe.

Mapenzi aliyaandika kwa staha, kama ajuaye kwamba baba na binti watasoma kitabu kimoja. Wala hayakuwa maneno matupu. Mkewe Amina alipofariki, alimlilia kwa shairi. Watoto nao aliwatungia tenzi za wasia, Hati kwa binti na Adili kwa mwana. Kwake yeye penzi lilikuwa ahadi na malezi. Halikwisha kwa kuzikwa mpenzi.

Alifariki Juni 1962. Utubora Mkulima kilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baadaye. Mwenyewe hakuwahi kukishika. Sisi tumewahi. Ewe mzazi, mpe mwanao akisome kabla hajapanda matatu ya kwenda mjini.