Papa aliyeongoza Kanisa akiwa kitandani

Huku kwetu Dodoma mtu akiamka kidole gumba cha mguu kimevimba na kinawaka moto, naye hakujikwaa popote, neno la kwanza huwa gauti, la pili nyama choma. Mtakatifu Gregori Mkuu hakuugua kwa ajili ya nyama choma. Alizaliwa Roma yapata mwaka 540 katika familia tajiri, akawa mkuu wa jiji, kisha akaigeuza nyumba yake kuwa monasteri na kuishi humo kama mmonaki. Alifunga hata tumbo likaharibika. Jongo, yaani gauti, likampata vilevile. (Madaktari wa leo hutaja pia figo na urithi.)

Alichaguliwa Papa mwaka 590, Roma ikiwa na tauni. Mwaka 600 alimwandikia Eulogius, Patriarki wa Aleksandria, kwamba kwa karibu miaka miwili alikuwa mtu wa kitandani. Siku za sikukuu alisimama kwa shida saa tatu hivi kwa ajili ya ibada, kisha maumivu yakamrudisha. Katika barua za miaka hiyo hakuficha kwamba alikingoja kifo kama dawa. Mtakatifu, na bado aliandika hivyo!

Hata hivyo mwaka 601 alituma kundi la pili la wamonaki Uingereza kumsaidia Agostino. Mwishoni mwa 603, malkia Theodelinda wa Walombardi alimfikishia maswali ya abate Secundus juu ya imani. Gregori alieleza kwamba jongo limembana, hata kuongea ni taabu, akaahidi kuyajibu akipata nafuu. Alifariki tarehe 12 Machi 604.